Maji ya Owino

Owino alipopanda gari la moshi kwenda Uganda aliniachia vitu viwili vya kutunza. Kimoja kilikuwa bado tumboni mwangu. Cha pili kilikuwa mbegu za dek za marehemu mama yake, zimefungwa kwenye pembe ya leso kuukuu, fundo dogo kama kichwa cha kidole gumba.

Dek ni mboga ya kwetu. Hapa Nakuru pia iko, inauzwa sokoni kwa mafungu, na wengine huiita saga. Lakini dek ya mama mkwe haikuwa ya kununua. Shina lake lilikuwa la zambarau mpaka juu, na uchungu wake ulikaa kidogo tu ulimini kisha ukaondoka wenyewe. Miaka yote alichagua kwa mkono wake mche wa kuachwa utoe mbegu. Na kila mke wa mwanawe alipojifungua, yeye ndiye aliyempikia dek hiyo kwa maziwa, chungu siku tatu mekoni, ili matiti yajae. Wake watatu wa boma lile walipikiwa. Mimi nilikuwa wa nne na wa mwisho, na mama mkwe alifariki kabla sijajua kwamba nina mimba.

"Usizipande sasa," Owino aliniambia pale stesheni, huku ananifungia vidole juu ya lile fundo. "Ngoja mtoto azaliwe, ndipo upande. Pasaka nikija likizo nitaikuta imesimama. Nitakupikia mimi mwenyewe."

"Wewe? Wewe unaunguza hata chai."

"Basi nitakuunguzia. Lakini utakula." Kisha akaacha kucheka. "Nyumbani ng'ombe waliingia shambani baada ya matanga. Hakuna nyingine, nyar Alego. Ni hizi tu."

Nyar Alego, binti wa Alego. Ndivyo alivyoniita tangu siku ile ya kwanza aliponiona kwetu. Gari lilipopiga honi aliniita hivyo tena kutoka dirishani, nami nikabaki nimesimama mpaka watu wote wa kusindikiza wakaisha. Alikuwa amehamishiwa kwenye injini za kuvuta kokoto, kule wanakojenga reli mpya ya kwenda Kasese.

Chumba chetu ni kimoja katika nyumba za reli. Nyuma yake kuna kipande cha ardhi, hatua nne kwa saba, kisha ua wa waya, kisha reli zenyewe. Mtoto alizaliwa Novemba. Alilia siku mbili bila kunyamaza, na mama mkunga, ambaye ni mtu wa kwetu, akasema kuna mtu anataka jina. Tukamtajia majina ya marehemu mmoja mmoja. Tulipofika kwa mama mkwe, "Akeyo", mtoto akanyamaza, akatafuta titi. Mkunga akacheka mpaka akafuta macho, akaniita Min Akeyo, mama wa Akeyo. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa natazama mlango. Jina la mama yake, na yeye hakuwapo kulisikia likikubaliwa.

Siku ya thelathini nilifungua lile fundo. Sasa nitaeleza kosa langu la kwanza, ingawa wakati ule sikuliona kuwa kosa. Nilizipanda zote. Nilitaka Owino akute kitalu kizima, siyo vijiti viwili vitatu. Nilizipanda zote, hata zile mbili zilizong'ang'ania kwenye uzi wa leso.

Jioni tatu kwa wiki nilikuwa naenda darasani, katika ukumbi wa reli, mtoto mgongoni. Nilianza nikiwa na mimba. Zamani barua zangu ziliandikwa na mzee mmoja nje ya posta, na mzee huyo, kila nilichosema, alikiongezea salamu nyingi kama mchanga na moyo unaowaka kama tanuri. Mimi sikusema tanuri. Mimi nilitaka kusema kwamba shati lake la kazi bado liko msumarini. Kwa hiyo nilijifunza, na barua ya kwanza niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa fupi hivi:

*Mtoto ni mzima. Dek imeota. Miche ni arobaini na tatu. Nimehesabu mara mbili.*

Alijibu baada ya wiki tatu. Karatasi ilikuwa na alama za mafuta pembeni, nami nilizinusa kabla ya kusoma. Aliandika: *Zisikose maji hata siku moja. Maji moto ya jioni ni kazi niliyomwachia Wamalwa.*

Wamalwa ni rafiki yake, fayamani kama yeye, mchochea moto wa injini, siku hizi yuko kwenye injini ndogo ya kupanga mabehewa hapa hapa stesheni. Nyumba za reli zina desturi moja ambayo mgeni huishangaa. Fayamani akimaliza zamu hufungulia maji ya injini, akarudi nyumbani na debe la maji moto begani. Owino alifanya hivyo kila siku aliyokuwa Nakuru. Nilikuwa nikimsikia kabla sijamwona: "Nyar Alego, lete beseni!" Tulikuwa tunaoga maji yenye harufu ya moshi na mafuta, tukitoka hapo tunanuka sote kama shedi ya injini.

Alipoondoka, Wamalwa alishika zamu yake. Saa kumi na moja jioni injini yake husimama karibu na waya, naye huita, "Shemeji! Maji ya Owino hayo!" Hata watoto wa jirani walianza kuyaita hivyo.

Sikuyaoga. Niliona ni anasa kuyaoga peke yangu. Niliyaacha yapoe nikiwa nimetumbukiza mikono ndani, mpaka joto lote likaisha, kisha nikayamwagia dek. Niliona ndiyo haki: mbegu za mama yake, maji yake, mtoto wake mgongoni mwangu. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga nililolitoboa kwa msumari matundu mengi, na kila jioni nilinyunyiza kidogo kidogo juu ya majani, taratibu, ili kazi isiishe haraka. Nilizoea kuzungumza hapo. Nilimweleza Owino habari za siku, nani kagombana na nani bombani, Akeyo kacheka na nini.

Januari ilipita bila tone. Februari ikaja ni kavu zaidi. Bomba la nyumba zetu likawa linafunguliwa alfajiri na alasiri tu, kila nyumba madebe mawili kwa siku. Upepo ulianza kuvuma kutoka ziwani, na wenyeji wa Nakuru wanajua upepo huo huleta nini. Ziwa letu ni la magadi. Likikauka pembeni, vumbi lake jeupe hupanda hewani na kuja mjini, linakaa kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nyusi za watu.

Kwa hiyo nilipoona weupe kwenye udongo wa dek yangu sikushtuka. Nikasema ni ziwa. Ncha za majani zilipogeuka rangi ya chai, nikasema ni ziwa. Nikawa nayaosha majani kwa bidii zaidi, jioni mara mbili badala ya moja, na Wamalwa aliponiletea debe moja nilimwomba la pili.

"Shemeji, unaoga au unalima mpunga?"

"Ni hili vumbi la ziwa, shemeji."

"Haya. Owino asije akasema nilikuwa mchoyo."

Miche thelathini na mmoja. Ishirini na sita. Kila asubuhi nilitoka na kuhesabu kabla sijawasha jiko. Ile iliyokufa ilikuwa inainama kwanza upande mmoja, halafu shina linakuwa jembamba pale chini kama uzi. Nilipoing'oa niliona mizizi yake imekaa juu juu, haikwenda chini hata urefu wa kidole.

Barua ya Owino ikaniuliza: *Dek iko namna gani? Nimewaambia wenzangu hapa habari zake, wamechoka kunisikia.*

Nikachukua kalamu. Akeyo alikuwa amelala. Nikaandika, *Dek ni nzuri*. Maneno matatu. Mwandiko wangu ni mzuri, mwalimu alikuwa ameusifu wiki ile ile, na hiyo ndiyo kazi niliyoupa. Yule mzee wa posta aliongeza tanuri, lakini hakupata kumdanganya Owino.

Miche kumi na tisa.

Basi asubuhi moja akaja Cheptanui. Huyu ni mama wa upande wa Njoro anayetuletea maziwa katika kibuyu, mtu mrefu, mwenye mzaha, anayezungumza kwa sauti kana kwamba wewe uko ng'ambo ya bonde. Siku hiyo alikuwa pia na mbuzi jike kwa kamba, anampeleka kwa dada yake mjini. Alimfunga kwenye mti wa waya, nami nikaingia ndani kuchukua chombo cha maziwa.

Nilipotoka mbuzi alikuwa katikati ya kitalu, kamba ikiburuta.

Nilipiga kelele ambayo hata mimi nilijishangaa. "Mama Cheptanui! Mbuzi! Mbuzi anakula dek yangu!" Nikakimbia, nikakikumba kibuyu chake kikaanguka, Akeyo akaamka mgongoni akalia.

Lakini Cheptanui hakukimbia. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akainamisha kichwa.

"Wewe mama, ngoja. Tazama."

Nikatazama. Jani la dek lilikuwa linamgusa mbuzi sikioni. Hakulitaka. Alikuwa ameinama, ulimi nje, analamba udongo. Analamba, anameza, anasogea mbele hatua moja, analamba tena, macho yamefumba nusu kwa utamu.

"Hii shamba yako iko na chumvi," Cheptanui akasema.

"Ni vumbi la ziwa."

"Vumbi ya ziwa?" Akanyoosha kidole nje ya kitalu, pale njiani, ambapo udongo ulikuwa mwekundu tu. "Ziwa inajua mpaka ya shamba yako? Inamwaga kwa dek, inaruka kwa njia?"

Alichuchumaa, akabandua kipande cha ule weupe kwa ukucha. Kilitoka kizima kama gamba. Akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Sisi tunapeleka ng'ombe mbali sana kulamba kitu kama hii. Siku nzima ya kutembea. Na wewe unayo nyuma ya nyumba! Unaimwagia nini?"

"Maji ya injini."

"Ya gari?"

"Ya mume wangu," nikasema, kisha nikaona nimesema vibaya.

Hakucheka. Alimtoa mbuzi kwa kumvuta masikio, akaokota kibuyu, akanimiminia maziwa yaliyobaki. Alipokuwa anaondoka alisema, "Mbuzi haina sababu ya kukudanganya, mama."

Jioni ile sikungoja mwito. Nilikuwa kwenye waya kabla injini haijasimama.

"Shemeji," nikamwambia Wamalwa, "haya maji yana nini ndani?"

"Yana moto."

"Mbali na moto."

Akajikuna kichwa chini ya kofia. "Si yana dawa. Maji ya Nakuru yakichemshwa peke yake yanashika ukoko ndani ya boila, kama ukoko wa birika ya chai. Kwa hiyo kule kwenye matangi wanatia magadi. Na boila ikichemka, mvuke unatoka, magadi inabaki. Maji tunayofungulia ni yale ya chini, ndiyo makali zaidi." Kisha akanitazama, akatazama kitalu, na nikaona akili yake inafika pale yangu ilipofika asubuhi. "Yaani wewe... Shemeji! Miezi hii yote?"

"Wewe ulidhani nayafanyia nini?"

"Nilidhani unaoga! Mtu akiomba maji moto mimi nadhani anaoga! Debe mbili, nikasema, huyu shemeji ni msafi kweli." Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mke wangu hutia magadi kidogo kwenye mboga ikiwa chunguni. Wewe umekuwa ukiipika ingali shambani!"

Nilitaka kucheka naye. Nikalia. Nilimwambia yote pale kwenye waya, kwamba hakuna mbegu nyingine, kwamba nimeandika dek ni nzuri. Wamalwa akavua kofia. Dereva wake akapiga king'ora kumwita, hakugeuka.

"Sasa nisilete tena?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilijua jibu tangu asubuhi. Kila jioni kwa miezi sita mtu alikuwa amesimama hapo na kutaja jina la mume wangu kwa sauti. Nikisema usilete, nani atalitaja?

"Usilete," nikasema.

"Owino aliniachia kazi hiyo, shemeji. Nitamwambia nini?"

"Mimi nitamwambia."

Nilimwuliza mwalimu wetu wa darasa la jioni kama anajua chochote kuhusu chumvi shambani. Alikuwa mtu wa vitabu, lakini babake alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa Mzungu huko Njoro. Akaniambia mambo ambayo niliyaandika nyuma ya daftari langu la hesabu. Weupe wa juu uubandue, uutupe mbali. Kisha mwaga maji safi, na mwaga mengi kwa mara moja, mpaka yashuke yakaisukume chumvi chini kuliko mizizi. Baada ya hapo acha. Usinyunyize kila siku, maana maji ya kunyunyiza hukaa juu na mizizi huyafuata juu, jua likitoka vyote vinaungua pamoja. Tia maji shinani, si majanini. Tia alfajiri. Na kabla ya kutia tena, chomeka kidole.

"Kidole?"

"Mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wa baridi, rudi ndani ukanywe chai."

Nilibandua weupe kwa kijiko, mche kwa mche, nikijaza ungo. Maji mengi kwa mara moja yalikuwa jambo jingine. Madebe mawili kwa siku ni ya kunywa, kupika, nepi na kuoga. Kwa siku tatu sikufua. Nilijipangusa kwa kitambaa. Nepi nilizipeleka kwa mke wa Wamalwa, naye akazifua na zake bila kuniuliza neno. Siku ya nne nilikuwa na madebe matatu yaliyojaa, nikayamwaga yote kabla jua halijatoka, polepole, nikisubiri yazame ndipo niongeze. Udongo ulitoa sauti ya kunywa. Nilikata majani makavu kando ya reli, nikayatandika kati ya mashina, unene wa mkono, ili jua lisiyafikie maji.

Kisha kazi ikawa kuacha.

Sikujua kwamba kuacha ni kazi. Saa kumi na moja ikifika miguu yangu ilikuwa inanipeleka nje. Nilisimama mbele ya dek nikiwa sina kopo, sina debe, mikono mitupu. Injini ya Wamalwa ilisimama pale waya, ikapumua, ikaondoka, na hakuna aliyeita. Nilichomeka kidole. Udongo ulikuwa wa baridi. Nikarudi ndani nikanywa chai, na sikuisikia ladha yake.

Mche mmoja ukafa. Miwili. Kila mmoja nilitaka kuukimbilia kwa maji, na kila mara kidole kilinikataza. Ikabaki kumi na mmoja, kisha saba. Halafu asubuhi moja nilihesabu saba, na kesho yake saba, na wiki nzima saba. Kulikuwa na jani jipya katikati ya mche wa kona, dogo, lenye vidole vitano, kijani mpaka kwenye ncha.

Jioni hiyo nilimsimamisha Wamalwa.

"Lete maji," nikamwambia.

"Wewe! Si umesema..."

"Si ya dek. Ya mtoto. Anaogeshwa maji baridi kwa sababu moto wangu ni wa chai na chakula tu. Hebu lete nusu debe, nitayachanganya."

Akacheka mpaka meno ya nyuma. Akayaleta, akaniita kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo: "Shemeji! Maji ya Owino hayo!" Niliyachanganya na ya baridi, nikayapima kwa kiwiko, nikamtia Akeyo ndani ya beseni. Alifungua macho makubwa. Kisha akapiga maji kwa mikono miwili, yakanirukia usoni, moshi na mafuta, harufu ile ile. Nilimwambia, "Haya ni ya baba." Nikarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya Pasaka ilifika. Dek ilikuwa imetoa maua meupe, na chini ya maua vitumba vya mbegu, vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Nilikuwa nimelifua lile shati la msumarini na kulipiga pasi. Alhamisi ikaja barua.

*Likizo imezuiwa. Wanataka reli ifike mbele kabla ya mvua kubwa. Labda Agosti. Labda mwisho wa mwaka. Usinikasirikie. Niambie dek iko namna gani, nitakula kwa masikio.*

Nililirudisha shati msumarini. Siku mbili sikumjibu. Jumapili mvua ikanyesha, ya kwanza tangu Desemba, ikapiga bati kiasi cha kumfanya Akeyo asahau kunyonya. Nilitoka nje nikasimama ndani yake. Maji safi, mengi, kwa mara moja.

Mei vitumba viligeuka manjano. Nilivikata kabla havijapasuka, nikavianika juu ya gazeti ndani ya nyumba, nikizuia hata mlango usifunguke kwa nguvu. Mbegu zilizotoka zilikuwa nyingi kuliko nilizopewa. Nilizigawa mara mbili, nusu nikaifunga katika ile pembe ya leso, nusu katika kipande cha shati lake, sehemu ya chini ya ndani ambayo haionekani likivaliwa. Kisha nikachuma majani machanga ya juu, yale yaliyochipua baada ya mvua, nikayapika kwa maziwa ya Cheptanui. Siku tatu mekoni, kama ilivyotakiwa. Hakukuwa na mama mkwe wa kunipakulia. Nikajipakulia. Uchungu ulikaa kidogo ulimini, kisha ukaondoka.

Wamalwa amempata dereva anayekwenda juu hadi Tororo, na kutoka huko kuna mwingine. Barua hii inakwenda pamoja na mbegu. Nimeiandika mara nne ili isiwe na makosa, na nimeacha kosa moja kwa sababu mtoto ameshika kalamu:

*Owino,*

*Nilikuandikia kwamba dek ni nzuri. Ilikuwa inakufa. Ni mimi niliyeiua, kwa maji yako, maana sikujua yana magadi. Ilibaki miche saba. Sasa mbegu zipo, nusu ni hizi, nusu ninazo.*

*Usingoje likizo. Zipande hapo hapo kambini. Usizipande zote, weka kidogo. Zikiota usizinyunyizie kila siku hata kama moyo unataka. Mwaga mengi shinani, alfajiri, kisha ziache zitafute maji chini zenyewe. Tandika nyasi. Kabla ya kutia tena, chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Mimi nachomeka changu kila asubuhi. Wewe chomeka chako.*

*Maji ya injini usizimwagie kabisa. Hayo ni ya kuoga. Mimi na mtoto tunayaoga kila siku saa kumi na moja, Wamalwa anatuitia. Kama saa hiyo uko nje ya zamu, nawe chota, uoge.*

*Min Akeyo*